Wakuu, hili neno "draft" lina maana ngapi? Meli, benki, barua mpaka drafti ya kijiweni

BintiMwanga

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Nina swali la Kiingereza ila limekaa kikazi kwa hiyo naomba watu wa bandarini na walimu msinipite.

Nipo Kigoma mjini kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo, tunashughulika na ile inayoshuka kwa treni kutoka Dar halafu inavuka ziwa kwenda Kalemie, Uvira na Bujumbura. Sasa hili neno "draft" linanizunguka kila kona. Asubuhi inaingia imeili ya Dar, "please check and confirm draft BL", yaani ile hati ya mzigo wa meli, "bill of lading". Mchana wakala wa tishari anapiga simu anauliza "loaded draft" ni ngapi. Mteja wa Kongo anataka kujua kama tunapokea "bank draft". Bosi akipita anasema binti nitolee drafti ya barua ya forodhani nikaisome nyumbani. Nikitoka nje ya geti wazee wanapiga drafti kwa visoda. Juu ya hapo kuna karatasi ya zamani ya meli imeandikwa "draught", na hiyo "ght" yake, kaka yangu anasema hapo wanaongelea ukame.

Hivi ni neno moja au ni maneno matano yamefanana sura tu? Na lipi linaandikwa vipi? Kamusi nimefungua nikakuta orodha ndefu mpaka ng'ombe na bia wamo, nikafunga.

Kijiwe_Ujiji

Mwakeye binti. Ngoja nianze na la kwangu maana ndo lenye heshima kuliko yote hayo.

Hiyo ya visoda ni "draughts" ya Waingereza, kwa "ght" na "s" mwishoni, vitabu vya shule vinaita dama lakini huku bara ukisema dama watu wanakushangaa. Nyumba 64, kete 12 kila mtu, mmoja anageuza visoda chali mwenzie kifudifudi, ukifika mstari wa mwisho wa adui unapewa kingi. Wamarekani wanaita "checkers" ndo maana mtu akiandika "draft game" kwenye simu anatafuta mchezo wetu anaishia kuletewa mpira wa kikapu. Ipo pia ya kimataifa, ubao wa nyumba 100 na kete 20 kila upande.

Halafu kuna jamaa wa Chuo Kikuu cha Alberta kule Kanada, profesa Jonathan Schaeffer, mwaka 2007 yeye na wenzake walitangaza kwamba kompyuta yao imeumaliza mchezo wa nyumba 64 wote, kwamba wachezaji wawili wasipokosea hata mara moja matokeo ni sare tu. Sawa, lakini ni kwa sheria za kwao ambazo kingi anatembea hatua moja moja kama mgonjwa wa miguu, sio kingi wetu anayekata ubao mzima kwa mpigo. Waje hapa tuone.

Mwl_Kazeh

Mwangaluka ndugu zangu. Niko Tabora, nafundisha Kiingereza sekondari, na hili swali nimelipenda kwa sababu wanafunzi wanaliogopa bure.

Binti, ni neno moja. Kaka yako mwambie ukame ni "drought", yenye "o", inatamkwa drauti. Hii yenye "a" hata ikiandikwa "draught" inatamkwa drafti vilevile. Zamani sana hiyo "gh" ilikuwa inatamkwa kooni, karibu na kh ya Kiarabu, baadaye kwenye baadhi ya maneno ikageuka kuwa f, ndo maana tuna "laugh" na "cough". Watu wakachoka kuandika kitu wasichokisikia wakaanza kuandika "draft". Kwa hiyo "draft" ni "draught" ileile iliyovaa nguo fupi.

Sasa mzizi. "Draught", "draw" na "drag" ni ukoo mmoja na kazi ya ukoo huo ni KUVUTA. Ukishika hapo orodha ya kamusi inalegea yenyewe. Ng'ombe wa plau ni "draught animal" kwa sababu anavuta. Bia ya "draught" ni ile inayovutwa kutoka kwenye pipa kuja kwenye glasi, sio ya chupa, na funda moja la kinywaji au dozi ya dawa ya maji nalo ni "draught" kwa kuwa umelivuta kinywani. Upepo unaopenya chini ya mlango ni "draught" maana chumba kinavuta hewa, Waingereza wanaulalamikia huo kila baridi ikifika, wana hadi vitambaa vya kujaza pale chini ya mlango. Kete ya Mzee wa Ujiji nayo inavutwa kutoka nyumba hii kwenda ile, maana hilo neno zamani lilimaanisha hatua moja ya mchezo. Na wavuvi wa Katonga na Kibirizi watapenda hii: samaki wote waliopatikana kwa kuvuta wavu mara moja, hao nao ni "draught". Fungua Luka sura ya 5 kwenye Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ya 1611, pale Simoni anapoambiwa akashushe nyavu kilindini, neno lililotumika pale ni hilohilo.

Barua ya bosi wako? Kuvuta mistari. Unachora sura ya kitu kabla ya kitu chenyewe. Na ona bahati, Kiswahili tumefika palepale kwa njia nyingine: "rasimu" tumeitoa Kiarabu na kule mzizi wake ni kuchora. Mwaka 2013 nchi nzima ilikuwa inaongelea rasimu ya Warioba, ya kwanza ilitoka Juni ya pili Desemba, magazeti ya Kiingereza yote yakaandika "draft constitution". Kwa hiyo bosi akitaka Kiswahili safi mwambie umemtolea rasimu.

Kuandika sasa. Ukifuata Mwingereza: maandishi, benki na kuchagua watu ni "draft", mengine yote, yaani meli, bia, upepo, ng'ombe, mchezo, funda, ni "draught". Ukifuata Mmarekani yote ni "draft" basi, ukitoa mchezo ambao yeye anauita "checkers", hana habari na "ght". Sisi shuleni tunafuata Uingereza ila intaneti imejaa Marekani ndo maana unakuta zote mbili ofisi moja meza moja.

Kikapu_Lubengera

Mwalimu nakuheshimu sana ila hapo pa kuchagua watu umepita haraka kama treni ya mizigo stesheni ndogo. Draft ya NBA kuna kuvuta gani pale? Pale ni kuchagua. Timu mbovu inaanza, inayofuata inafuata, jina linasomwa, kijana anavaa kofia anapiga picha. 2009 Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichukuliwa wa pili na Memphis Grizzlies, James Harden akaja wa tatu, Stephen Curry wa SABA. Nani kavutwa hapo?

Mwl_Kazeh

Kavutwa Hasheem, katolewa kwenye kundi la chuo akapelekwa Memphis. Neno lilianzia jeshini, kikosi kinachotolewa ndani ya kikosi kikubwa kwenda kufanya kazi fulani kiliitwa "draft", halafu Wamarekani wakalifanya jina la kuingizwa jeshini kwa lazima, michezo ikalikopa kutoka huko. Muhammad Ali alinyang'anywa mkanda 1967 kwa sababu ya kuikataa "draft" ya vita vya Vietnam, Mahakama ya juu ya Marekani ikaja kumfutia hatia 1971. Kwa hiyo mtu mmoja kwenye sentensi akiambiwa "he was drafted" lazima uangalie ni mwaka gani na ana urefu gani.

Huku kwetu wale wa JKT kwa mujibu wa sheria ndo wangekuwa karibu na maana hiyo, ingawa sijasikia mtu akiwaita madrafti.

Baharia_wa_Ziwa

Hapa sasa mmeingia kwenye anga zangu. Mwalimu kaeleza vizuri ila ya meli kaitaja kwa neno moja tu kwenye mabano ya mdomo akakimbilia bia, na binti ndo hiyo anayoulizwa kazini kila mchana, kwa hiyo nivumilieni naandika ndefu.

Draft ya chombo ni kimo cha sehemu iliyozama, kuanzia mstari wa maji kushuka mpaka chini kabisa ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Kiingereza wanasema meli "draws" mita kadhaa za maji, ndo kuvuta kwa mwalimu huko. Kosa ninalolisikia sana gatini ni mtu kuchanganya draft na kina cha maji. KINA NI CHA ZIWA, DRAFT NI YA CHOMBO. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470 pale penye shimo kubwa lakini hilo halikusaidii kitu kwenye gati, gatini kuna mchanga na tope la mito, na bandari ikisema "maximum draft" ni kiasi fulani haisemi kwamba maji yana kina hicho, inasema chombo kilichozama zaidi ya hapo kisisogee, na hapo wameshatoa nafasi ya kubaki kati ya mkuku na tope. Ziwa likijaa au likipungua draft yako haibadiliki hata sentimita, kinachobadilika ni ile nafasi ya chini.

Draft inabadilishwa na mzigo. Tishari tupu linakaa juu, ukipakia saruji linashuka, na ndo maana wakala anakuuliza "loaded draft", anataka kujua likishashiba litakaa wapi, maana kule linakokwenda nako kuna gati lenye masharti yake. Hiyo namba haiko ofisini kwako binti, iko ubavuni mwa chombo. Ukienda gatini tazama omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, utaona tarakimu zimepakwa rangi zinapanda juu. Kwenye vyombo vya mita kila tarakimu ina urefu wa sentimita 10 na nafasi kati yake nayo ni 10, unasoma pale maji yanapogusa CHINI ya tarakimu. Maji yakiwa nusu ya namba, umeongeza sentimita 5. Ziwa likiwa na mawimbi unasubiri, unaangalia juu na chini unachukua katikati, usije ukaandika ya wimbi moja.

Jambo la pili watu wa Dar wakija huku linawapita. Maji yetu ni baridi, sio chumvi. Maji ya bahari ni mazito kidogo, kwa hiyo chombo hichohicho na mzigo uleule kikija maji baridi kinazama zaidi, kama asilimia mbili na nusu hivi. Ukikokotoa, chenye draft ya mita 4 baharini huku kitasoma kama mita 4 na sentimita 10. Ndo maana meli za baharini ubavuni zina mistari kadhaa imewekewa herufi, F ni ya maji baridi na iko juu ya ile ya bahari ya kiangazi. Ile alama ya duara lenye mstari katikati ililetwa kwa ugomvi wa mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, wenye meli walikuwa wanajaza mpaka zinazama na mabaharia wake, sheria ikapita 1876 kwamba kila meli ionyeshe mwisho wake wa kupakia. Mtu wa kijijini anayepakia boti mpaka maji yanalamba ukingo angepelekwa kwa huyo bwana.

Na hiyo karatasi ya zamani ya binti yenye "ght", mi sishangai. Meli yetu ya Liemba ilijengwa Papenburg Ujerumani 1913 ikiitwa Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande, reli ikaufikisha mzigo Kigoma, wakaiunga hapa. Kwa Mjerumani hiyo draft inaitwa "Tiefgang". 1916 wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi isichukuliwe, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo karatasi zikawa za Kiingereza cha Uingereza, na Mwingereza wa meli anaandika "draught". Mpaka leo mikataba ya kimataifa ya usalama wa meli inaandika hivyo, ila sisi kwenye redio na mawakala kwenye meseji tunaandika "draft" kwa sababu ni fupi. Zote sahihi, usisahihishe ya mwenzio.

Anayejua safari za Liemba anakumbuka vituo vya vijijini kusini huko, meli ilikuwa inasimama ndani ziwani mitumbwi inaifuata, watu na magunia ya dagaa na nanasi vinapandishwa ubavuni kwa makelele. Gati hakuna na kwa draft yake huwezi kuipeleka mpaka mchangani. Hiyo ndo draft unayoiona kwa macho.

FundiBehewa_TBR

Mmesahau reli jamani na mwalimu yuko Tabora hapohapo stesheni kubwa!! Nyuma ya ile kapla inayoshika behewa na behewa kuna kifaa kinaitwa "draft gear", ndani kuna springi na vyuma vya msuguano, kazi yake kumeza mshtuko. Treni ikianza kuondoka ule mlio wa ko ko ko unaotembea mpaka behewa la mwisho ndo hizo zinavutika moja moja. Kwa lugha yetu nguvu ya kuvutana inaitwa "draft" na nguvu ya kusukumana mabehewa yakigandamizana inaitwa "buff". Mwalimu kuvuta kwako kumethibitishwa na karakana.

Mkulima_Urambo

Na kwenye tumbaku ipo. Sisi wa tumbaku ya mvuke bwana shamba akija anakwambia bani lako, ile nyumba ya kukaushia tumbaku, halina "draft" ya kutosha. Maana yake: moto uko kwenye tanuru, moshi wa moto unapita kwenye mabomba ndani ya bani unatokea dohani. Hewa ya moto ni nyepesi inapanda, ikipanda inavuta nyingine baridi iingie mdomoni mwa tanuru, kuni zinawaka vizuri. Dohani likiwa fupi au limeziba masizi kuvuta hakuna, moshi unakurudia usoni, kuni zinaisha na majani hayajaiva. Na hii sio utani maana kuanza unakaa nyuzi 35 mpaka 40 hivi jani ligeuke manjano, mwisho kukausha kikonyo unatafuta nyuzi 70 na kidogo, sasa bila draft hizo 70 utazisikia kwa jirani.

Maksai nao kama alivyosema mwalimu. Mabwana shamba wanaandika wanyamakazi, vitabu vyao "draught animals". Makadirio yao ni kwamba ng'ombe anavuta siku nzima bila kuumia mzigo wa nguvu kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Na ile nguvu plau inayodai kutoka kwao nayo inaitwa "draft", udongo wa mfinyanzi unadai kubwa, wa kichanga ndogo. Kwa hiyo kwenye shamba langu mnyama ana draft na jembe lina draft na bani lina draft, na benki wananikatalia ovadrafti.

Mama_wa_Kaunta

Hahaha mkulima pole. Niwasaidie hizo mbili nilizokuwa nashughulika nazo kazini kabla ya kustaafu.

Ovadrafti ni kuvuta hela kupita iliyomo kwenye akaunti, kwa makubaliano. Wenye historia yao wanaitaja ya mwaka 1728 kule Edinburgh, Royal Bank of Scotland ilimruhusu mfanyabiashara William Hogg achukue paundi 1,000 zaidi ya alizokuwa nazo.

"Bank draft" ya mteja wa Kongo ni kitu kingine. Kwenye hundi ya kawaida anayeandika ni mteja, ukifika benki unaweza kukuta hana kitu. Kwenye "bank draft" yeye analipa kwanza benki yake, halafu benki ndo inaandika karatasi ya kulipa kutoka kwenye fedha za benki yenyewe. Kwa hiyo inaaminika zaidi. Lakini dada nisikilize, ya benki ya nje usiachie mzigo kwa kuiona kwa macho, ipeleke kwenye benki yenu waithibitishe na hela iingie, karatasi za kughushi zipo na zimepigwa mihuri mizuri kuliko ya kweli. Siku hizi wengi wanatuma moja kwa moja akaunti kwa akaunti kwa hiyo mwambie bosi wako aombe hivyo.

MtotoWaIsevya

Mwalimu ungemaliza na Biblia yako hiyo ya mfalme James maana umechagua mstari mzuri ukaacha mwingine. Mathayo 15:17, kinachoingia kinywani kinapita tumboni kinatupwa "into the draught". Kiswahili chetu pale kimeandika CHOONI. Kwa hiyo siku mtu anawauzia bia ya draught muulizeni ya Luka au ya Mathayo.

Mwl_Kazeh

Kijana wewe ulisoma dini kwa nia mbaya. Lakini ni kweli, ipo, na kwenye 2 Wafalme 10:27 nyumba ya Baali inageuzwa "draught house" yaani choo. Maana hiyo imekufa zamani, hakuna Mwingereza wa leo anayeitumia, binti usiiweke kwenye barua ya forodha.

Kijiwe_Ujiji

Nacheka peke yangu hapa wajukuu wananitazama

BintiMwanga

Asanteni sana wote, mzee wangu wa Ujiji shikamoo. Baharia nimekuelewa mpaka raha, na mama wa kaunta bosi nimemwonyesha simu kasema huyo mama asikilizwe.

Imebaki ile ya asubuhi. "Please check and confirm draft BL". Mwenzangu ofisini yeye huwa anajibu "confirmed" palepale anaendelea na chai. Ni rasimu ya kawaida tu kama barua au ina uzito? Na swali dogo kwa mwalimu, anayechora ramani za majengo anaitwa "draughtsman" na kuna mtu kaniambia anayeandika sheria naye ni hivyohivyo, ni kweli?

Wakala_Kurasini

Dada mwambie mwenzio aache hiyo tabia leoleo. BL ndo hati ya mzigo wenyewe, anayeshika ile halisi ndo mwenye mzigo. Kabla ya kuchapa halisi, kampuni ya meli inatuma rasimu muikague. Ukijibu "confirmed" umeibariki, kosa likionekana baadaye kurekebisha ni hela na siku, na mzigo wa kupitisha kwenda Kongo jina likitofautiana na la kwenye karatasi za forodha unasimama Dar unakula gharama za kuhifadhi.

Kaa chini soma jina la mpokeaji herufi kwa herufi, majina ya Kongo ni marefu na yana Kifaransa chake, hapo ndo kunaharibika zaidi. Namba ya kontena na ya lakiri. Idadi ya vifurushi, uzito, na maelezo ya mzigo yafanane na ankara. Bandari ya kushushia Dar es Salaam na mwisho wa safari paandikwe kama mzigo ni wa kupita. Ukikuta kosa usijibu "not confirmed" peke yake, andika "please amend the draft as follows" halafu taja kipengele kimoja kimoja. Ukiridhika ndo unaandika "draft confirmed, please issue originals". Kawaida zinatoka halisi tatu.

Mwl_Kazeh

Uingereza anayechora ni "draughtsman", anayeandika sheria ni "draftsman", wametenganisha kwa herufi. Hapa kwetu Mwandishi Mkuu wa Sheria wa serikali kwa Kiingereza ni "Chief Parliamentary Draftsman", unaona imekaa bila "ght". Marekani wote wawili "draftsman" na siku hizi wengi wanaandika "drafter" wasibague wanawake. Na kete moja ya Mzee wa Ujiji kwa Kiingereza cha Uingereza nayo ni "draughtsman", sasa hapo mzee akiliwa kete tatu amepoteza wachora ramani watatu.

Baharia_wa_Ziwa

Binti kabla hujaondoka, ile fomu ya tishari ina visanduku viwili, "draft fwd" na "draft aft", wengi wanajaza namba moja kote. Ya kwanza ni ya omo, ya pili ni ya tezi. Mara nyingi tezi inazidi kidogo, hiyo ni sawa, chombo kinaongozeka vizuri. Omo ikizidi tezi usijaze kimya kimya, mpigie nahodha kwanza umuulize mzigo umepangwaje, huenda magunia yote yamelundikwa mbele.